Bawa Halikuiangusha Cheyenne

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi ya mteja mmoja imenila usiku na mchana, na mbele kidogo mtaona ilinilaje. Leo naacha mambo ya msimbo na hifadhidata, tuzungumze kuhusu helikopta. Tena helikopta yenye mabawa kama ndege: AH-56 Cheyenne, iliyobuniwa na kampuni ya Lockheed kwa ajili ya jeshi la nchi kavu la Marekani katika miaka ya 1960.

Kilichonichokoza ni ubishi. Rafiki yangu mmoja, fundi wa mitambo, aliniambia kwamba Cheyenne ndiyo ushahidi kuwa helikopta haihitaji mabawa. "Walijaribu, ikaua mtu, wakaacha. Basi." Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na kila nikiisikia naona mtu anamhukumu shahidi badala ya mshtakiwa. Kwa maoni yangu bawa lilikuwa sehemu yenye akili kuliko zote katika mashine ile. Iliangushwa na mambo mawili ambayo sisi tunaoandika programu tunayajua kama tunavyojua majina yetu: mfumo unaojilisha makosa yake wenyewe, na mkataba uliotiwa sahihi kabla majaribio hayajaanza kusema ukweli.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu mwenye akili zake aweke mabawa kwenye helikopta.

Hebu fikiria umesimama nyuma ya pikapu inayokimbia, unazungusha kamba juu ya kichwa chako. (Usifanye kweli, askari wa trafiki hatakuelewa.) Kamba inapokuja mbele inakutana na upepo wa gari. Inaporudi nyuma, inakwenda pamoja na upepo huo. Mapanga ya helikopta yako katika hali hiyo hiyo. Tuseme ncha ya panga inazunguka kwa mita 200 kwa sekunde, na helikopta yenyewe inakwenda mbele kwa mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Panga linalokwenda mbele linakutana na hewa kwa mita 300 kwa sekunde. Lile linalorudi nyuma linakutana nayo kwa mita 100 tu. Nguvu ya kuinua inafuata mraba wa kasi, kwa hiyo kama mapanga yote mawili yameinamishwa sawa, la mbele linainua mara tisa zaidi ya la nyuma!

Helikopta isipofanya kitu itapinduka. Inachofanya ni kubadilisha mwinamo wa kila panga katika kila mzunguko: linalorudi nyuma linainamishwa zaidi ili lipate nguvu. Lakini mwinamo una kikomo chake. Ukizidi, hewa inaachana na panga na nguvu ya kuinua inapotea ghafla. Na upande wa pili hali si nzuri vilevile, kwa sababu mita 300 kwa sekunde ni karibu na kasi ya sauti, na huko ukinzani wa hewa unapanda kwa haraka. Helikopta imebanwa pande zote mbili. Huwezi kumaliza tatizo hili kwa kuongeza injini.

Sasa lete bawa. Helikopta ikishapata kasi, bawa linabeba uzito, na rota inapumzika. Ongeza propela ya kusukuma kutoka nyuma, na rota haina tena haja ya kuinama mbele ili kuvuta mashine. Rota iliyopunguziwa kazi haihitaji kuinamisha sana panga linalorudi nyuma, na dari ile ya kasi inapanda juu. Ni kama kumtoa mfanyakazi mmoja kwenye kazi mbili za kelele na kuajiri wawili, kila mtu na yake.

Nisije nikaonekana wakili wa kulipwa, bawa lina gharama zake na si ndogo. Helikopta ikiwa imeelea mahali pamoja, upepo wa rota unalipiga bawa kutoka juu na kulisukuma chini, kwa hiyo unabeba mzigo unaokukandamiza. Injini ikizima hewani, helikopta hutelemka salama kwa sababu hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuzungusha rota, lakini bawa likiwa limebeba uzito mkubwa linainyima rota hewa ya kuizungusha. Pia kuna uzito wa bawa lenyewe. Warusi waliokubali gharama hizi ni wale waliounda Mi-24, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969. Mabawa yake hubeba takriban robo ya uzito ikiwa katika kasi. Kwenye milima na joto la Afghanistan, marubani wake walilazimika mara nyingi kukimbia ardhini kama ndege ndipo wapae, kwa kuwa kuinuka wima na mzigo wote hakukuwezekana. Sisi huku tuliisikia sana Agosti 2012, wakati Mi-24 tatu za jeshi la Uganda zilipoanguka Mlima Kenya zikielekea Somalia. Silitaji hilo kama hoja juu ya mabawa, ni kuwaambia tu kwamba helikopta yenye mabawa si kitu cha sinema. Zaidi ya 2,000 zilitengenezwa na zimepigana karibu kila bara.

Turudi kwa Cheyenne. Jeshi la Marekani, likiwa Vietnam, lilitaka helikopta ya kivita yenye kasi ya kusindikiza zile za kubeba askari na nguvu ya kuzilinda. Lockheed ilichaguliwa mwishoni mwa 1965, na Machi 1966 ikapewa mkataba wa kuunda mashine kumi za majaribio. Kampuni hiyo haikuwa na jina kubwa kwenye helikopta, lakini ilikuwa na wazo. Mhandisi wake Irven Culver (ndiye huyo huyo anayetajwa kuwa alianzisha jina la Skunk Works) alikuwa amebuni rota ngumu, ambayo mapanga yake hayana bawaba za kuyaacha yapige juu na chini kama helikopta nyingine. Wazo hilo lilijaribiwa kwenye mashine ndogo, kisha kwenye XH-51A iliyoruka mwaka 1962. Baadaye moja ya XH-51A ilifungwa mabawa madogo na injini ya jeti pembeni, na mwaka 1967 ikafika kilomita 487 kwa saa. Tafadhali ikumbuke namba hiyo: rota ngumu pamoja na bawa, kwenye mashine ndogo, vilikwenda pamoja vizuri kabisa.

Cheyenne yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Mwili mwembamba, watu wawili mmoja nyuma ya mwingine, mabawa yaliyokaa chini ubavuni yenye urefu wa mita 8 hivi kutoka ncha hadi ncha, rota yenye mapanga manne. Mkiani kulikuwa na propela mbili: moja ya pembeni ya kuzuia mwili usizunguke, na nyingine ya nyuma kabisa ya kusukuma. Injini moja tu, General Electric T64, iliendesha yote hayo. Rubani aliiamuru propela ya kusukuma kwa kuzungusha mshikio kwenye wenzo wa mkono wa kushoto, mfano wa mtu wa bodaboda anavyotia mafuta. Angeweza kuongeza kasi bila kuinamisha pua, na angeweza kuirudisha propela kinyume ili afunge breki hewani akiwa anashuka kushambulia. Katika kasi kubwa rota ilikuwa inabeba asilimia 20 hivi ya uzito, na mabawa yaliyobaki. Ilifika kilomita 393 kwa saa. Kwa helikopta kamili ya vita, yenye silaha, hiyo ni kasi ambayo nyingi za leo hazijaifikia.

Mpiga silaha alikaa mbele kwenye kiti kinachozunguka duara zima pamoja na mzinga ulioko tumboni. Fikiria: anageuza mzinga, na yeye mwenyewe anageuka nao. Kulikuwa na vifaa vya kuona usiku, chombo cha leza cha kupima umbali, kofia ya rubani yenye kulenga, makombora ya TOW ya kuvunjia vifaru, na vifaa vya kujua mahali ulipo bila kuuliza ardhini. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vipya, na vyote viliwekwa ndani ya mashine moja kwa wakati mmoja. Ukiwa umewahi kuandika mfumo ambamo lugha ni mpya, hifadhidata ni mpya, seva ni mpya na mteja naye ni mpya, tayari umeshaanza kutingisha kichwa.

Lakini hatari kubwa haikuwa kwenye orodha hiyo. Ilikuwa juu kabisa ya rota.

Rota ngumu ni nyepesi kuitikia, hata kupita kiasi, kwa hiyo inahitaji kitu cha kuituliza. Lockheed waliweka jairo, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na rota na kukataa kuinama, kwa sababu ile ile inayoifanya pia ya mtoto isimame ikiwa inazunguka. Jairo ilifungwa moja kwa moja na mapanga. Upepo ukilisukuma panga, nguvu ile inarudi kwenye jairo, na jairo inalirekebisha panga bila rubani kujua. Hakuna kompyuta. Ni programu iliyoandikwa kwa chuma, na mimi nikiwa mtu wa programu naiheshimu sana.

Tatizo ni kwamba mapanga hayatumi ujumbe wa aina moja tu. Panga hupiga juu na chini, huyumba mbele na nyuma, hujikunja. Yote yale yanarudi kwenye jairo, nayo haiwezi kutenganisha ujumbe wa kweli na kelele. Katika kasi kubwa kukatokea mtetemo unaokwenda mara moja kwa kila mizunguko miwili ya rota. Panga linatetemeka, jairo inaitikia, mwitikio unalitetemesha panga zaidi, jairo inaitikia zaidi. Tarehe 12 Machi 1969, karibu na pwani ya California, rubani wa majaribio wa Lockheed alipaa na mashine ya tatu, kazi yake ikiwa ni kuuchokoza mtetemo huo makusudi ili upimwe. Ulizidi uwezo wa mfumo kuutuliza. Mapanga yakaupiga mwili wa helikopta, na rubani akafa.

Wahandisi wakaamua kuuchunguza bila kumhatarisha mtu. Septemba mwaka huo walipeleka mashine nzima ya kumi kwenye handaki kubwa la upepo la NASA huko Ames, California, wakaifunga na kuiendesha kwa mbali. Ikiwa angani, mwili wa helikopta unaweza kusogea na kuumeza mtetemo kidogo. Ndani ya handaki ulikuwa umefungwa, hauna pa kwenda. Mtetemo ukakua kwa kasi kuliko angani, rota ikaugonga mkia, na mashine ya kumi ikaharibika kabisa.

Hapa ndipo ninapokumbuka kazi iliyonila majuma haya. Mteja wangu, ambaye simtaji, anapokea malipo ya simu. Niliandika programu ambayo ujumbe usipojibiwa kwa sekunde tano unatumwa tena. Niliona ni busara, hata nikajisifu. Siku moja hifadhidata ikachelewa kidogo. Jumbe zikatumwa tena, zikaichelewesha zaidi, zikatumwa tena zaidi, na baada ya dakika chache seva ilikuwa inajizamisha kwa maji iliyochota yenyewe. Kila sehemu ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa! Na kwa nini sikuliona mapema? Kwa sababu nilijaribu kila kitu kwenye kompyuta yangu ya mezani, ambako programu na hifadhidata zimelala kitanda kimoja na hakuna mtandao wa kuchelewa. Handaki langu la upepo lilikuwa limefungwa sakafuni. Kwangu mimi watu walilipa mara mbili na nikashinda simuni nikiomba radhi. Hakuna aliyekufa, ndiyo tofauti.

Sasa niambie, katika hadithi hiyo yote ya rota na jairo, bawa limefanya kosa gani? Bawa halikutuma ujumbe wa uongo. Kama kuna anayesema kwamba bila bawa mashine isingefika kwenye kasi ya mtetemo, hilo nakubali, lakini ni sawa na kuilaumu barabara nzuri ya lami kwa sababu breki za matatu ni mbovu.

Jambo la pili ni tarehe. Cheyenne iliruka mara ya kwanza Septemba 21, 1967. Mkataba wa kutengeneza helikopta 375 ulitiwa sahihi Januari 7, 1968. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu na nusu. Mashine yenye rota ngumu kubwa isiyo na mfano, propela ya kusukuma, kiti kinachozunguka na leza, ikapewa hukumu ya kuingia kiwandani kabla haijafikisha miezi minne ya kuruka. Baada ya hapo kila hitilafu iligeuka kuwa deni. Ukigundua kosa kwenye mashine kumi, unalirekebisha. Ukiligundua wakati 375 zimeagizwa na watu wanasubiri tarehe, unatafuta kiraka. Miezi miwili baada ya ajali, Mei 19, 1969, jeshi likaufuta mkataba wa uzalishaji na kubakiza ule wa maendeleo.

Na hapa linakuja jambo ambalo rafiki yangu hakulijua. Tatizo lilitatuliwa. Wahandisi waliitoa jairo juu ya rota, wakaiweka chini ya giaboksi na kuitenga na nguvu za mapanga, ili isisikie kila kelele. Katika majaribio ya mwaka 1972 mfumo huo mpya uliituliza mashine. Mabawa hayakuguswa. Kwa lugha yetu, walivunja mzunguko kwa kuweka ukuta kati ya sehemu mbili zilizokuwa zikizungumza bila mipaka. Ilikuwa too kuchelewa: tarehe 9 Agosti 1972 mradi wote ulifutwa.

Kwa nini wafute kitu kilichokwisha kutengemaa? Bei ilikuwa imepanda. Jeshi la anga halikufurahia kuona jeshi la nchi kavu likipata mashine inayokaribia kuwa ndege, na lilikuwa na mradi wake uliozaa A-10. Lakini sababu ninayoiona nzito ni kwamba vita vyenyewe vilibadilika. Mwaka 1971, katika uvamizi wa Laos, Wamarekani walipoteza zaidi ya helikopta 100 kwa mizinga ya kutungulia. Hapo wazo la kuteremka kwa kasi ukipiga lilianza kuonekana kama wazo la mtu anayetaka kufa. Walichotaka sasa ni helikopta inayojificha nyuma ya miti, ikaelea pale pale, ikachungulia na kupiga kifaru kutoka mbali. Na kuelea ndiko mahali ambapo bawa ni mzigo. Apache, iliyoruka mara ya kwanza Septemba 1975, ina mabawa mafupi, lakini kazi yake kubwa ni kutundikia makombora.

Hoja hiyo naikubali. Mashine inaweza kuwa sahihi na mtumiaji akawa amehama. Ila hiyo ni tofauti sana na kusema wazo lilishindwa.

Kwa wale wanaopenda namba: rekodi ya kasi ya helikopta ya kawaida bado ni ya Westland Lynx ya Uingereza, kilomita 400.87 kwa saa, Agosti 11, 1986. Haikuwa na mabawa. Ilipunguzwa uzito na kupewa mapanga maalumu, na imekaa na taji hilo karibu miaka 40, jambo linaloonyesha dari ile ilivyo ngumu. Juni 2013 mashine ya majaribio ya Airbus, X3, yenye mabawa mafupi na propela mbili, ilifika kilomita 472. Mrithi wake, Racer, ambaye bawa lake limekunjwa kama sanduku, aliruka mara ya kwanza Aprili 2024 huko Ufaransa. Hiyo ni ya kiraia, lakini mwenye macho anaona babu yake ni nani.

Jeshi la Marekani nalo lilikutana tena na swali lile lile. Desemba 2022 lilichagua kati ya mashine mbili. Moja, Defiant ya Sikorsky na Boeing, ilikuwa na rota ngumu mbili na propela ya kusukuma nyuma, ukipenda Cheyenne iliyokatwa mabawa. Ya pili, V-280 ya Bell, hugeuza rota zake mbele na kuachia bawa libebe kila kitu. Wakachagua yenye bawa. Sitadai ni bawa peke yake lililoshinda, kwani walioshindwa walipokata rufaa, ofisi ya ukaguzi ya serikali iliikataa Aprili 2023, na moja ya sababu ni kwamba pendekezo lao halikueleza kwa undani wa kutosha usanifu wa mifumo ya ndani. Wasanidi programu mnaosoma hapa, mmesikia? Mashine iliruka kweli kweli, ikaangushwa na nyaraka.

Nilimtumia rafiki yangu haya yote jana usiku. Amejibu kwa mstari mmoja, kwamba atakubali siku nitakapomwonyesha helikopta ya mabawa ikielea saa nane mchana kwenye joto la Lodwar ikiwa na mzigo kamili. Swali lake ni zuri na sina jibu la haraka. Kama kuna rubani au fundi wa helikopta anayesoma hapa, nisaidie hesabu, maana Jumamosi tunakutana naye na yeye ndiye anayenunua chai akishindwa.